Vichupa Nilivyomnywesha Koko

Bukavu, Jumapili alasiri

Nabintu, maman yangu,

Umeenda na mama yako Kadutu kutafuta blanketi, nyumba imetulia, na Koko, mama yangu, yuko barazani anachambua lengalenga huku akigombana na kuku. Nina saa mbili hivi peke yangu. Habari za chandarua, sabuni, dawa ya minyoo na vijana wa Kisangani, mama yako amekwisha kuzimaliza. Akisahau moja, kesho ukisafiri kwenda chuo ataikimbilia kamyo mpaka Kavumu akuambie. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka miwili.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Kifaransa changu ni cha hospitali. Nikikishika, ninaanza kusema "mgonjwa" badala ya "mama yangu", na mambo yanatoka safi kuliko yalivyokuwa.

Unakumbuka wiki iliyopita, mezani, tonton Cirhuza, kaka wa babu yako, alikuuliza kwa nini umechagua udaktari. Ukajibu bila hata kufikiri: "Juu Papa alimuponyesha Koko." Wote wakapiga makofi. Tonton akanigonga bega. Mimi nikabaki nalo tonge la bugali mkononi, nikishindwa kulila wala kulirudisha. Mama yako alidhani ni furaha. Haikuwa furaha, mwanangu. Mimi ndiye niliyemfanya Koko augue.

Nieleze polepole, maana nikikimbia nitaruka mahali panaponiuma.

Baada ya mazishi ya babu yako, mimi na shangazi yako Nsimire tulipatana Koko akae miezi mitatu kwetu hapa Ibanda, miezi mitatu kwake Walungu. Huko Walungu ndiko alikoteleza siku ya mvua akavunjika mkono. Masista wa zahanati wakamfunga, wakasema mifupa yake imekuwa myepesi, wakamwandikia vidonge vya kalsiamu, vichache, na kichupa kimoja cha vitamini D cha kunywa. Kimoja. Kingine baada ya miezi sita.

Koko alipofika kwetu na karatasi ile nikaisoma nikacheka. Unajua hapa kwetu tunavyoandikiana dawa: mtu anaandika robo kwa sababu kabatini imebaki robo. Nikasema moyoni, masista hawa wameandika kimoja kwa sababu wana kimoja. Mimi nilikuwa na katoni nzima ya vichupa vile. Muuguzi mmoja Mzungu wa hospitali yetu aliporudi kwao aliniachia, na nilikuwa nimeificha chini ya kitanda chetu kama mali. Basi nikampa Koko kichupa kila Jumapili baada ya misa, na vidonge asubuhi na jioni, kwa upendo kabisa. Mtaa mzima unaniita dokta, ingawa ni muuguzi tu, nami sijawahi kumkatalia hata mmoja. Nani angeniambia kitu? Koko mwenyewe alikuwa anafumba macho, anafungua kinywa, anameza.

Yaliyofuata uliyaona. Alianza kunywa maji kupita kiasi. Akaacha kula. Tumbo likafunga, kisha kutapika. Akawa anasinzia kwenye kiti mchana kutwa, na akiamka anakuita kwa jina la dada yake aliyekufa tukiwa watoto. Siku ile alipopotea akitoka kanisani, ni wewe uliyemkuta chini ziwani, ameketi na wanawake wanaofua, anawauliza kama ng'ombe wamerudi. Ulimshika mkono mpaka nyumbani, viatu vyake umevibeba wewe. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulipofika uliniambia, "Papa, Koko hakuwa hivi mbele ya zile dawa." Nami nilikujibu nini? Nilikujibu, "Wewe ni muganga wa hospitali?" Nilikunyamazisha mbele ya wageni. Samahani, Nabintu. Hiyo ni ya kwanza katika samahani za barua hii, na ilikuwa na haki ya kutangulia.

Nilikunyamazisha kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kupata jibu langu. Hospitalini kulikuwa na magazeti ya kidaktari yanayofika yakiwa yamezeeka, na katika moja nilisoma habari za ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu za mtu mpaka asijue watoto wake. Nikaona dalili zinafanana na za Koko. Na mbele kidogo wakaandika kwamba wataalamu fulani wanafikiri kalsiamu ina sehemu yake katika kuharibika kwa ubongo. Hapo nikafunga gazeti. Sikuhitaji zaidi! Nikajiambia: si unaona? Ubongo wa mama una njaa ya kalsiamu. Nikaongeza kichupa cha Jumatano.

Nilisoma mpaka pale paliponipendeza, nikaachia pale. Sijui kosa langu jingine lililofanyika kwa urahisi namna ile.

Sasa Nsimire. Wakati mimi ninaongeza vichupa, tonton Cirhuza alikuwa anahesabu siku. Akasema Koko ametoka wapi? Walungu. Alikunywa nini huko? Mutobe wa ndizi aliokamua Nsimire. Na Nsimire si alikuwa amegombana na Koko juu ya shamba? Basi ni karuho. Unajua neno hilo linavyoshuka katika nyumba zetu: sumu ya polepole ambayo kila mtu anaiogopa na hakuna aliyewahi kuiona. Wazee wa familia wakakutana sebuleni mwetu. Ninyi watoto mlitumwa kwa jirani.

Nsimire alikuja mwenyewe, hakuitwa na mtu. Alisimama mlangoni na kitambaa chake cha kichwa mkononi.

"Miye nimupatie mama yangu karuho?" akasema. "Yaya, wewe uko muganga. Baambie."

Yaya ndiye mimi, kaka yake mkubwa. Wote wakanigeukia. Na mimi, ambaye nilikuwa na gazeti langu na ugonjwa wangu wa Kizungu, nikasema, "Mambo ya ubongo ni magumu." Basi. Wala sikusema ndiyo wala sikusema hapana. Kama unataka kujua kwa nini, nitakuambia ukweli mtupu: mdomo wangu ulikuwa unasema Alzheimer, lakini tumboni nami nilimwogopa kidogo. Miaka ishirini nimevaa koti jeupe, nikamwogopa dada yangu niliyembeba mgongoni. Wakamwambia asikanyage tena hapa. Akafunga kitambaa, akaenda. Hakulia mbele yao.

Wiki mbili baadaye Koko hakuamka vizuri. Tulimwita, akafungua jicho moja, akalifunga. Tukampeleka hospitali, akapokewa na daktari kijana, binti wa Bunyakiri, mwembamba, sauti ndogo. Nilikuwa naye kazini mwezi mmoja tu na nilikuwa nimemdharau tayari.

"Papa, maman huyu iko nakunywa dawa gani?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Vitamini tu."

"Vitamini gani? Nani anamupatia? Mara ngapi?"

Maswali matatu, Nabintu. Nilimjibu nikiangalia ukuta. Akaweka kalamu chini, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Yesu," kwa sauti ya chini kabisa, akaenda kuchukua damu yeye mwenyewe. Siku ile, kwa neema tu, maabara ilikuwa na dawa ya kupimia. Kalsiamu katika damu ya Koko ilikuwa imepanda mpaka mpimaji akarudia mara mbili akidhani amekosea.

Daktari alinikalisha kwenye benchi la korido. "Papa, ile vitamini iko nafanya tumbo ipokee kalsiamu yote. Na vidonge vyako viko naleta ingine juu yake. Ikizidi mu damu, mutu anakauka, anatapika, anasinzia, akili inapotea. Haiko uzee hii. Haiko karuho. Ni vichupa."

Kesho yake nilimletea gazeti. Ndiyo, nilikwenda kujitetea! Alilisoma lote amesimama, mpaka mstari wa mwisho, kisha akaweka kidole pale nilipoachia na kuniuliza kwa upole kama hapo ndipo nilipochoka. Akanieleza sehemu ambayo sikuisoma. Kila seli ya ubongo hutumia kalsiamu kidogo mno kama mjumbe: inaingia, inafikisha habari, inatolewa nje upesi. Wale wataalamu wanafikiri kwamba katika ugonjwa ule kazi ya kuitoa inaharibika, inabaki ndani kupita kiasi, na seli inaumia mpaka inakufa. Kama huo ndio mwanzo wa ugonjwa au ni mojawapo ya matokeo yake, bado hawajui, wanabishana. Lakini hakuna mahali walipoandika kwamba ubongo una njaa ya kalsiamu, na hakuna aliyesema anywe. Tena kalsiamu ya ndani ya seli ni habari moja, na iliyojaa katika damu ya Koko ni habari nyingine. Mimi nilizichanganya nikazipika chungu kimoja.

"Kwa hiyo si Alzheimer?" nikamwuliza.

"Ingekuwa ile, papa, singekuwa na kitu ya kukupa. Ile hairudi nyuma. Hii inarudi. Umushukuru Mungu ni kosa yako."

Sijui kama utanielewa. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba mkosaji ni mimi, nikatoka nje nikashika ukuta wa jiko la wagonjwa nikacheka na kulia pamoja, na wapishi wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Wakamwekea serumu, maji ya mshipani, wakaacha kila dawa yangu. Haikuwa siku moja. Vitamini ile hujificha katika mafuta ya mwili na kutoka inatoka kwa kujivuta, ndiyo maana wiki zile zilikuwa ndefu. Lakini asubuhi moja ulimpelekea chakula, akaonja, akakunja uso. "Nani alipika hii maharagi bila chumvi? Ni weye, Nabintu?" Ulitupa sahani ukamkumbatia, maharagi yakamwagika kitandani kote, na sista akatufokea. Tangu siku hiyo Koko ni Koko. Unamsikia alivyo. Anajua madeni ya mtaa mzima na siku ya kuzaliwa ya kila mbuzi.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Tonton Cirhuza akasema ni sala, mama yako akasema ni mimi, mtaa ukasema ni dokta, na mimi nikapokea pongezi kwa mikono miwili. Kosa la vichupa nilimwambia padri, akanisamehe. Lile la pili sikumwambia mtu: kwamba nilikuwa najua Nsimire hana hatia, karatasi ya maabara ninayo mfukoni, na nikamwacha nje. Mwezi ukaenda, kisha mwaka. Kila Jumapili Koko ananiuliza, "Nsimire iko wapi?" Nami namjibu, "Kazi nyingi." Mama aliyerudishiwa kumbukumbu, na mimi ninamjibu kama mtu aliyesahau.

Lakini lile neno lako mezani, "Juu Papa alimuponyesha Koko"! Nilijiona ninakupakia uongo wangu kwenye kamyo pamoja na mizigo yako, uende nao mpaka Kisangani, usome juu yake miaka saba. Nikasema hapana.

Ijumaa nilikaa karibu na Koko barazani nikamwambia yote. Vichupa, gazeti, maabara, mkutano. Alinisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo kwake si dogo. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Miye? Juu ya nini unaniomba miye? Miye nilikuwa nasinzia, sikusikia kitu. Nsimire ndiye alikuwa macho. Simama, enda kwake."

Jana nilipowaaga kwamba ninakwenda kutafuta mahindi, nilikwenda Walungu. Nilimkuta uani kwake anachagua maharagi kwenye ungo. Amekonda. Hakusimama, hakunipa kiti. Nikasema nikiwa wima, yote, nikamwonyesha karatasi ya maabara ambayo imechakaa kwenye mikunjo. Akaendelea kuchagua maharagi.

Kisha akasema, "Miaka mbili, yaya. Kwenye ndoa banapokea chakula ya kila mutu, nikileta miye banasema bameshiba. Bale balikuja kuposa mutoto wangu balirudi njiani. Na weye ulikuwa najua."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa najua."

Alirusha ungo. Maharagi yakanipiga kifuani, yakatapakaa ua wote. Alilia, Nabintu, kilio kile ambacho hakulia mlangoni kwetu, na mimi nikachuchumaa nikaanza kuokota maharagi moja moja kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya na mikono yangu. Mwishowe akainama naye akaokota. Akaniuliza kama mama anakula. Nikamwambia anakula na anagomba. Akacheka kidogo, kwa hasira, lakini alicheka.

Akaingia ndani akaleta mutobe. Unajua desturi yetu ilivyo: anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, uone kwamba hakuna kitu ndani. Aliinua kikombe apeleke mdomoni mwake, ingawa huko nje miaka miwili ameonja na bado wamekataa. Nikamshika mkono nikakichukua kabla hajaonja. Nikanywa mpaka chini. Ulikuwa mtamu, ulikuwa na nyuki mmoja aliyekufa, nikamtema. Sikumbuki lini mara ya mwisho nimenywa kitu kikashuka vizuri namna ile. Tangu jana ninapumua mpaka chini ya mbavu, mama yako ameona, ameniuliza kama nimepata cheo.

Lakini Nsimire hajanisamehe, nisikudanganye. Amesema haitoshi kusemewa uani ambako wanasikia mbuzi tu. Anataka niseme pale pale waliposemea wao, sebuleni, tonton Cirhuza akiwepo na wote. Ana haki. Kesho asubuhi familia yote inakuja kukuombea kabla ya kamyo kuondoka saa sita, na yeye anakuja na gari la kwanza la Walungu. Nitasimama niseme. Nakupa barua hii leo kabla ya chakula, uisome chumbani, ili usiyasikie mara ya kwanza mbele ya watu. Mama yako nitamwambia mwenyewe mkirudi. Niombee katika hilo zaidi kuliko katika la tonton.

Ukiwa daktari, utakutana na akina mimi wengi: wauguzi wa mtaa, mashangazi wenye mfuko wa dawa, wapendwa wenye katoni chini ya kitanda. Usitudharau, lakini usitukubali tukisema "hakuna, vitamini tu". Yule binti wa Bunyakiri aliniuliza maswali matatu na ndiyo yaliyonirudishia mama. Mimi sikuwahi kuuliza hata moja. Sina elimu nyingine ya kukufungia safari. Kama bado unataka kusema nyumbani kwako kuna mtu aliyekufanya uchague kazi hii, mtaje huyo binti. Nami nitafurahi, kweli kabisa.

Nasikia sauti ya mama yako huko barabarani, mmepata blanketi, na bei imemuudhi.

Nabintu, nina ombi. Kesho shangazi yako ataleta mtungi wa mutobe. Amenieleza kwamba ataleta, makusudi, mbele ya watu wale wale. Nikimaliza kusema, kila mmoja atamwangalia mwenzake. Kikombe cha kwanza nitachukua mimi, lakini cha kwangu hakitawashawishi, watasema ni mkosaji anajisafisha. Wewe ndiye wanayekupenda, na wewe ndiye una safari. Naomba cha pili unyooshe mkono uchukue wewe, kabla Nsimire hajaonja.

Papa yako